Miili Tisa ya Dokta Lan

Taarifa ya kifo cha Bi Zaituni ilinikuta jikoni kwangu Boko, asubuhi, naosha vikombe. Rukia, binti yake, alikuwa ameandika maneno machache tu kwenye simu: mama ametutoka alfajiri, maziko leo baada ya adhuhuri, nyumbani Temeke. Nilivaa dera, nikajitanda khanga, nikaacha vikombe vilivyobaki na povu lake. Nilipanga chumba kwa Bi Zaituni mwaka mmoja tu, nilipomaliza kidato cha sita, lakini hatukuachana tena. Kila Idi nilikula kwake, na kila Krismasi alinipigia kuniuliza kama nyama yangu imeiva au nawatafunisha wageni raba. Yeye alikuwa Mswahili wa hapahapa, wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, na mimi mtoto wa kanisani kutoka Tukuyu. Nilikuwa nakwenda msibani kwake na neno ambalo alinikataza kumwambia Rukia. Lilihusu mguu wa kulia wa marehemu, ule usio na vidole, na mchango wangu katika kuvipoteza. Aliyenikataza alikuwa amelala chumbani amefunikwa, na sikujua kama katazo lake limelala naye.

Dokta Lan alifika mtaani kwetu mwezi Juni wa mwaka ule, akapanga chumba cha mbele cha nyumba ya pili kutoka kwetu, palipokuwa na saluni zamani. Kioo kikubwa cha saluni kilibaki ukutani, kwa hiyo mgonjwa aliyekuja kuonyesha ulimi alijiona na yeye, na wengi hawakupenda walichokiona. Chini ya kioo palikuwa na kabati la droo ndogondogo, kila moja na karatasi yake ya maandishi ya Kichina, na harufu iliyotoka humo sijaipatia jina mpaka leo: magome, maganda makavu ya machungwa, na kitu kitamutamu kilichokaa kooni. Kwenye ukuta mwingine alisimama mwanamume wa pichani, uchi, mwili mzima umejaa mistari na nukta. Bi Zaituni alimbandikia kikoi cha karatasi siku ya kwanza, kwa heshima ya akina mama wa kwenye benchi. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwepesi wa kutembea, mwenye Kiswahili cha maneno matatu, toa, kaa na pole, na Kiingereza cha kuombea maji. Mkalimani aliyekuja naye aliacha kazi wiki ya pili. Bi Zaituni akanishika mkono akanipeleka pale mwenyewe. "Huyu kasoma mpaka mwisho wa masomo," alimwambia daktari kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kana kwamba asiyejua lugha ni kiziwi. "Kiingereza anakitema, wee acha tu!" Dokta Lan akanitazama usoni, akanishika mkono, akaonekana kushangaa ulivyo baridi. Kazi nikawa nimepata.

Nilidhani nitakuwa natafsiri "unaumwa wapi". Kumbe Dokta Lan hakuanzia kwenye maumivu, alianzia kwa mtu. Aliamini kwamba binadamu wana miili ya namna tisa. Mmoja huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, mwingine viganja vinamwaka, mwingine hutokwa jasho akiwa amekaa tu. Sehemu ya mwili huo mtu huzaliwa nayo, na sehemu nyingine hujitengenezea mwenyewe kwa kula, kwa kulala na kwa mawazo. Na kila mwili, alisema, una mlango wake ambao maradhi hupenda kuupitia. Namna moja tu kati ya zile tisa ndiyo iliyokuwa sawasawa, na kwa mwaka mzima aliwapata watu wawili wa namna hiyo, mmoja wao mzee wa kahawa, ambaye wala hakuja kutibiwa, alileta kashata. Mimi nilikuwa nimetoka shule na Biolojia yangu kichwani, nikambishia. Nilimwuliza mambo hayo yanaonekana wapi kwenye damu. "Hospitali wanatazama ndani," alinijibu kwa Kiingereza chake kifupi, "mimi natazama nje. Wewe ukinunua papai, unalipasua kwanza?" Nilirudi nyumbani nikilitafuta jibu, na siku iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa nilitaka kuuliza mengine.

Maswali yake yalikuwa mengi na niliyajua yote kwa moyo baada ya mwezi. Unaogopa baridi? Swali hilo lilinichekesha. Kwetu Tukuyu mwezi Juni unauona mvuke wa pumzi yako mwenyewe ukiwa ndani ya nyumba. Hapa Temeke mtu aliketi mbele yangu amevaa sweta, jasho linamtiririka shingoni, anajibu kwamba baridi ya Julai hii itamuua. Nilitafsiri hivyohivyo, na Dokta Lan akaandika hivyohivyo, mpaka alipogundua kwamba kwa majibu hayo nusu ya wilaya ina mwili wa baridi. Ndipo akaanza kuuliza wanajifunika nini wakilala. Ulimi nao ulikuwa kesi nyingine. Kumtolea mtu mzima ulimi ni tusi, na hakuna bibi wa Temeke aliyekuwa tayari kulifanya hilo mbele ya kioo. Walijifunika khanga uso mzima, Dokta Lan akaingiza kichwa chake humo na tochi, wakawa wawili chini ya khanga moja. Wengine kwa adabu walisugua ndimi zao kwa mswaki mpaka zikawa nyekundu, ili wasimwonyeshe mgeni uchafu. Niliandika bango: USISUGUE ULIMI KABLA YA KUJA. Siku moja binti mmoja alionyesha ulimi mwekundu kiasi kwamba daktari aliita kiti kingine, akakaa vizuri, akamshika mikono yote miwili kumpima mapigo. Binti akafungua mkoba kutafuta kitambaa na pakiti ya ubuyu ikadondoka.

Chakula cha mchana tulikula uani kwa Bi Zaituni, juu ya mkeka, karibu na jiko la mkaa. Dokta Lan alikuja na vijiti vyake mfukoni, akavisahau mwezi wa pili. Tulikula wali wa nazi, maharage, mchicha, na dagaa au kibua wa kukaanga, na chai ya rangi yenye mdalasini, ambayo Bi Zaituni aliitia sukari mpaka kijiko kikaona tabu kuzunguka. Hapo mkekani ndipo miili tisa ilipopata Kiswahili. Nilikuwa na daftari langu la majina, na majina niliyotafsiri kutoka Kiingereza yalikuwa marefu na hayana ladha. Bi Zaituni alisikiliza nilivyoeleza, anachambua mchele, halafu akaachia neno. Kwa mwili unaoonekana kwa mafuta usoni, chunusi, mdomo mchungu na hasira za karibu, nilikuwa nimeandika "joto lenye unyevunyevu". "Si fukuto hilo?" akauliza. Ikawa mwili wa fukuto. Kwa yule anayeguna na kushusha pumzi, aliyebanwa kifua bila ugonjwa, asiyepata usingizi kwa kurudiarudia maneno ya watu, akasema, "Huyo ana dukuduku." Dokta Lan alipoelezwa maana ya dukuduku alicheka, akaomba aandikiwe. Bi Zaituni hakushangazwa na elimu ile kama nilivyoshangazwa mimi. "Haya mambo ya hari, baridi na yabisi baba yangu alikuwaga nayo kwenye kitabu," aliniambia. "Marehemu hakumpa mtu wa baridi tango, wala mtu wa hari pweza. Nyie wa shule ndo mnaona mapya." Walielewana wale wawili kwa namna ambayo mimi, mwenye lugha, sikuwemo. Nilitafsiri tu, na mara nyingine walinitangulia.

Na mimi nilikuwa na mwili wangu kwenye daftari: wa baridi, bila ubishi, mikono na miguu. Dokta Lan alinipiga marufuku soda ya barafu na juisi ya miwa, akaniambia ninywe maji moto yenye tangawizi na niloweke miguu kila jioni. Nilifanya hivyo mwezi mzima kwa udadisi, nikiandika tarehe na nilivyojisikia. Miguu ilipata joto. Lakini mwezi ule ulikuwa Novemba, na Novemba Temeke kila mguu una joto, kwa hiyo jaribio langu halikuthibitisha kitu. Mpaka leo nakunywa maji moto na sijui kwa nini.

Sasa niseme kuhusu fundi cherehani. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye kofia nzuri ya kufuma, aliyekuja kwa ajili ya tumbo. Dokta Lan alimpima mapigo akasema huyu ni wa mwili wa dukuduku, amemkasirikia mtu wa nyumbani kwake, pengine mke, na tumbo halitapona mpaka waongee. Nikageuka nikamwambia: "Daktari anasema una hasira na mkeo, na ndiyo inayokuumiza tumbo. Mkazungumze." Kwetu juu milimani, jambo husemwa likaisha. Mzee yule alisimama, akaiweka kofia yake sawa, akamuaga daktari kwa kichwa na mimi hakunitazama. Benchi zima lilikuwa limesikia, maana kati yetu na benchi palikuwa na pazia tu. Mchana Bi Zaituni alikuwa tayari na habari zote. Hakunigombeza. Alinipakulia, akasubiri nimalize, akasema, "Atu mwanangu, mtu mzima haambiwi hivyo. Unalizungusha. Unamwambia, daktari anauliza hali ya nyumbani. Akitaka kuona, ataona mwenyewe. Ukimtupia usoni umemvua nguo."

"Na asipoona?"

"Ataona. Watu wazima si wajinga."

Nilijifunza haraka, kwa kuwa nilikuwa naona aibu. Nilijifunza kuanza kwa shikamoo ndefu, kuuliza watoto na usingizi, kulifunga neno baya ndani ya matatu mazuri. Wagonjwa waliongezeka. Bi Zaituni alijisifu kwa majirani kwamba binti yake wa bara sasa ana ulimi wa pwani, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia matokeo ya mtihani.

Ramadhani iliingia Desemba. Wiki ya pili ya mfungo Dokta Lan alinionyesha kadi zake, amekunja uso. Watu wa mwili mzito, wa fukuto, wa uchovu, wote walikuwa wamegeuka kuwa wa mwili mkavu: midomo imekauka, ndimi zimepasuka, viganja vya moto. Hajawahi kuona mji uliobadilika miili kwa siku kumi. Aliyashuku maji ya bomba. Mkeka wa mchana haukutandikwa tena, naye alidhani mpishi wetu amechoka; mimi nilikula mihogo yangu mchana chumbani kwa kificho na sikuwa nimefikiria kumwambia kwamba watu wote wale wanaketi mbele yake tangu alfajiri hawajaonja hata mate. Bi Zaituni alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo Dokta Lan alifunga kliniki mchana, akafungua baada ya futari, akaandika alama ya mwezi kwenye kadi za kipindi kile. Baada ya Idi aliwaita tena wote, kwa hamu yake ya kutaka kujua tu. Ndimi zilikuwa zimerudi mahali pake, mmoja baada ya mwingine. Wa Bi Zaituni tu ndio alikuwa hajauona.

Bi Zaituni alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa fahari ya mtaa. Alipopita watu walimwambia amenawiri, na yeye aliupokea ule unene kama cheo. Lakini nilikuwa nimeshaona mengine. Alisinzia akichambua mchele. Alibeba jagi la maji mpaka chumbani na asubuhi jagi lilikuwa tupu. Vyumba vyetu vilitazamana, na nilisikia ndala zake zikienda uani mara tatu, mara nne kabla hakujapambazuka. Mwezi Februari alikuja kliniki mwenyewe, kwa utani, akisema amechoka kuwa mpishi wa daktari bila kutibiwa. Akina mama watano walikuwa kwenye benchi. Rukia alikuwa shule ya bweni Morogoro. Dokta Lan aliingia chini ya khanga na tochi yake, akakaa humo muda mrefu. Akamshika mkono kwa vidole vitatu. Akaniuliza nimwulize kuhusu kiu, kuhusu choo, kuhusu miguu. "Miguu mizito," alisema Bi Zaituni, "na saa nyingine kama ina sisimizi."

Dokta Lan aliongea bila kuuachia mkono wake. Kwamba huu ni ule mwili mzito, wa unyevu na makohozi, na mlango wa mwili huu ni kisukari, presha na kupooza upande mmoja. Kwamba mwili peke yake si ugonjwa, wapo wanaozeeka nao salama. Lakini kiu isiyoisha baada ya mfungo, na mkojo, na sisimizi wa miguuni, hayo si habari ya mwili tena, mlango umeshafunguliwa. Kwamba yeye hana dawa ya hilo kwenye droo hata moja. Aende hospitali wiki hii, apimwe damu. Apunguze wali, aache sukari. Na kila siku azitazame nyayo zake, asitembee pekupeku hata uani, kwa sababu mguu wa namna ile unaweza kuumia na usimwambie mwenyewe.

Nilimgeukia. Alikuwa ananitabasamia, anajivunia jinsi ninavyosikiliza Kiingereza. Nje ya pazia benchi lilikuwa kimya, na nilijua ni kimya cha kusikiliza. Kumtajia mtu mzima kupooza, mbele ya masikio ya wanawake watano, niliona ni kama kumwombea. Nikasema: "Daktari anasema mwili wako ni mzito kidogo, Mama. Upunguze sukari kwenye chai, na ukipata nafasi utembeetembee."

"Basi?"

"Basi."

Nilijiambia nitamweleza mengine jioni, tukiwa wawili. Jioni kulikuwa na wageni. Kesho yake alikuwa na furaha, na sikutaka kumharibia. Kila Jumatatu Dokta Lan aliniuliza, "Amekwenda?" Nilijibu, "Wiki hii atakwenda." Hivyo nikawa nawadanganya wote wawili, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza. Nasema hili bila kulipaka rangi: niliogopa. Nilikuwa nimesifiwa kwa mara ya kwanza na watu wa mji huu, na niliogopa kuzipoteza zile sifa.

Masika ya mwaka ule ilijaza uani maji mpaka kwenye vizingiti. Bi Zaituni alivua ndala asije akateleza, akashika ufagio wa chelewa, akayasukuma maji nje tangu asubuhi mpaka mchana. Siku ya tatu niliona alama za damu kwenye sakafu ya ukumbini, mguu mmoja tu, zinaelekea chumbani kwake. Alikuwa amekanyaga kipande cha bati. "Wala hakiniumi," alisema, akakifunga kidole kwa kitambaa. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kabla, kwa Kiingereza. Hata hapo nilimwambia tu, "Mama, twende hospitali wakakioshe," na aliponijibu kwamba kidonda cha bati hakimpeleki mtu hospitali, nilikwenda kufuta damu ukumbini. Wiki iliyofuata alianza kufukiza udi chumbani kila siku. Nikadhani anategemea wageni.

Dokta Lan ndiye aliyejua, tukiwa mkekani, kijiko cha wali mkononi. Alinusa, akaweka kijiko chini, akasogea, akaufunua mguu wa Bi Zaituni bila kuomba ruhusa. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vimebadilika rangi. Aliutazama mguu, kisha akanitazama mimi. "Ulimwambia?" aliniuliza kwa Kiingereza. Nilianza kukusanya sahani. Hakuuliza tena. Alisema, "Leta gari," na nikakimbia mpaka barabarani.

Walikata vidole vitatu, na baada ya wiki mbili viwili vilivyobaki. Sukari yake walipoipima, muuguzi alirudia kipimo akidhani mashine imeharibika. Dokta Lan hakunifukuza kazi na hakunisema. Ila siku iliyofuata aliniomba nimwandikie kwa herufi za kusomeka: NENDA HOSPITALI. PIMA SUKARI. PIMA PRESHA. Akaibandika kadi hiyo mezani, na tangu hapo maneno hayo aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, akimtazama mgonjwa, kwa matamshi mabaya na kwa sauti ya juu. Mimi aliniachia habari za usingizi na za choo. Hakuna kilichoniuma mwaka ule kama ile kadi.

Wodini nilimpelekea Bi Zaituni uji usio na sukari na nikashindwa kumtazama. Nilimwambia yote nikiwa nimeinama, nakoroga uji uliokwisha kupoa. Alinipokonya kijiko.

"Yule mama aliongea mpaka mkono wangu ukafa ganzi mkononi kwake," akasema, "wewe ukanipa maneno mawili. Mie mjinga? Nilijua yapo mengine. Sikukuuliza kwa sababu sikuyataka."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikufundisha mwenyewe. Haya, sasa nipe yote. Usiniachie hata moja."

Nikampa yote, kwa mpangilio uleule, kupooza na nyayo na milango, na yeye akaitikia kwa kichwa kila lilipopita moja, kama mtu anayepokea vyombo vyake vilivyoazimwa. Nilipomaliza akanishika kifundo cha mkono. "Hili Rukia asilijue. Atakuchukia, na mie nakuhitaji nyumbani." Aliishi na ule mguu miaka mingi, na fimbo, na viatu vya kushonesha, na chai isiyo na sukari ambayo aliilaani kila siku. Dokta Lan aliondoka mwisho wa mwaka ule, droo na yote. Sikupata habari zake tena.

Leo kazi yangu ni ukalimani wa mikutano, na vijana ninaowafundisha wanasema mimi mkali. Nawaambia mkalimani haruhusiwi kuwa na huruma na msikilizaji, wanaandika, wananong'onezana. Majuzi mpwa wangu alinionyesha dodoso kwenye simu linalokwambia wewe ni mwili gani kati ya tisa. Nikajibu maswali yote sitini, nikapata baridi, tukacheka. Nilimwuliza daktari mmoja wa hospitali, mtu ninayemheshimu, anayaonaje mambo hayo. Akasema kwenye vitabu vyake miili hiyo haimo, lakini mtu mnene, mwenye kiu, anayesinzia mchana na kuamka kukojoa, yeye angempima sukari hata kama angeletwa na mganga wa nyota. Sijaacha kujiuliza Dokta Lan aliona nini chini ya ile khanga, na alikionaje. Siku hizi najiuliza zaidi kuhusu mengine niliyoyapunguza, kwa wagonjwa ambao sikupanga nyumbani kwao na sikuwaona tena.

Temeke nilikuta wanaume wameshakwenda makaburini na wanawake wamejaa ukumbini, miguu imenyooshwa juu ya mikeka. Rukia sasa ni mama mtu mzima, mnene, mzuri, ana sura ya mama yake mpaka ananitisha. Alinikumbatia, tukalia. Kisha akawaambia mashangazi na mama wadogo waliokuwa karibu, bila kuniachia bega: "Huyu ndo Atu. Huyu ndo aliyemwambia mama ukweli kuhusu sukari, wakati wote tunamwambia amenawiri. Mama alikuwaga anatusimulia kila mara. Bila huyu tungemzika tukiwa wadogo." Wanawake wakanishukuru. Mmoja akanibusu kiganja.

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani amenifichia kwa kunyamaza, kumbe alinifichia kwa kunisifu, ndani ya nyumba yake, kwa watoto wake, mimi nikiwa sipo. Ningeweza kuondoka na sifa zile, na hakuna mtu aliye hai ambaye angenidai. Rukia alinipeleka chumbani kwa mama yake kunionyesha viatu vya kushonesha, jozi nne zimepangwa chini ya kitanda. Nikafunga mlango.

"Rukia, sikumwambia," nikasema. "Nilijua tangu Februari, nikamficha mpaka mguu ukaoza. Miezi mitatu. Yeye ndiye aliyenikataza kukwambia, na mie nimekaa kimya kwa kuwa ilinifaa."

Alikaa kitandani. Nilingoja anifukuze, na nilikuwa tayari. Aliokota kiatu kimoja, akakigeuza, akatazama soli yake. Mtu alipita mlangoni na sinia la vikombe.

"Mwaka jana walinipima," akasema. "Ninayo hiyo sukari. Watoto hawajui, nawaambia vidonge ni vya presha ya kawaida. Mkubwa wangu anaamka kila usiku anakwenda msalani, namsikia, nageukia ukutani."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Wako wapi?"

"Uani."

Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza, na nilikuwa nacho tele. Nikafungua mlango. Rukia alinitazama, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akasimama kizingitini akawaita mabinti zake watatu kwa majina, mmoja mmoja, na walipoingia akaniomba nisitoke.